NJIA YA ILAGALA NA MWENYE KUULIZWA

Si ada ya karatasi yetu hii kuvuka bahari, ikapita Bagamoyo na Tabora, ikenda kutua penye mdomo wa mto Malagarasi. Tunayo mengi ya kwetu ya kuyasema, na kurasa zenyewe ni chache. Lakini liko jambo moja ambalo mtu wa visiwani hulisikia likitajwa kila siku kwa majina makubwa, mara ugatuaji, mara kupeleka madaraka kwa wananchi, wala asilione. Na anayetaka kulitazama kwa macho yake, pasi na kuhitaji mtaalamu wa kumfasiria, basi naaende Ilagala.

Ilagala iko kusini ya Kigoma na Ujiji, katika pwani ya Ziwa Tanganyika, karibu na pale Malagarasi inapomwaga maji yake ziwani. Imo katika Wilaya ya Uvinza, iliyokatwa kutoka Kigoma Vijijini mwaka 2012. Ni nchi ya michikichi na mawese, nchi ya dagaa na migebuka. Ng'ambo ya mto iko Kajeje, na kutoka hapo njia hushuka kusini ikiandamana na ziwa: Sunuka, Sigunga, Buhingu, hata Kalya iliyoko baada ya milima ya Mahale. Watu wa upande huo wote, wakitaka hospitali ya mkoa, au soko la Kigoma, au treni ya kwendea Tabora, wana milango miwili tu. Mmoja ni ziwa, kwa boti na mitumbwi. Wa pili ni mto, na kwa miaka mingi mlango huo wa pili umekuwa ni kivuko cha Ilagala, au pantoni kama wasemavyo wengine. Kivuko kikiwa kizima, gari la mawese huvuka na mwenye mali akafika sokoni na bei yake. Kikiharibika, au ziwa likipanda na kumeza mahali pa kushukia kama lilivyopanda na kumeza pwani nyingi za Tanganyika mwaka 2020 na 2021, gari husimama, mawese hungoja juani, na mzazi mwenye uchungu hutafutiwa mtumbwi usiku.

Sasa na tuulize swali dogo kabisa. Siku kivuko kinaposimama, mtu wa Kajeje amwendee nani?

Atamwendea mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa ndiye aliyemchagua. Mwenyekiti atasema: mimi sina mamlaka na kivuko. Atamwendea diwani. Diwani atasema: kivuko ni cha TEMESA, wakala wa Serikali Kuu uliowekwa mwaka 2005. Basi ataacha kivuko, aulize barabara kubwa itokayo Simbo, ikapita Ilagala na kwenda Kalya. Ataambiwa hiyo ni ya TANROADS, uliowekwa mwaka 2000. Basi ataiacha nayo, aulize ile njia ya udongo itokayo shambani kwake mpaka penye barabara kubwa, njia aliyoifyeka babu yake kwa panga. Hiyo nayo, ataambiwa, tangu mwaka 2017 ni ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mabwana watatu kwa safari moja ya gunia moja, na hapana hata mmoja katika hao aliyechaguliwa naye, wala anayeweza kuondolewa naye. Wote watatu hutoa hesabu zao juu, wizarani, Dodoma. Na wale aliowachagua, ambao nyumba zao anazijua na watoto wao husoma pamoja na watoto wake, hawana hata shilingi moja ya njia hiyo mikononi mwao.

Lakini hao hao waliochaguliwa wana kazi moja katika njia hiyo, nayo ni kutoza. Halmashauri ya wilaya hutoza ushuru wa mazao. Sheria ilipogeuzwa mwaka 2017 ushuru huo uliteremshwa kutoka 5 hata 3 katika kila 100 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula; na hilo lilikuwa jema kwa mkulima, hatulilaumu. Tunaloliona ni hili: halmashauri husimamisha kizuizi juu ya barabara isiyo yake, ikatoza mali iliyopita katika barabara isiyoitengeneza, na mkulima akiuliza kwa nini njia ni mbovu ilhali amelipa, huambiwa kwamba aliyepokea si mwenye njia. Na mwenye njia naye, akiulizwa, atasema kwa haki kabisa kwamba yeye hakupokea ushuru huo.

Na hilo ni dogo. Mtazame mvuvi wa Sigunga. Boti yake haijapata kukanyaga barabara tangu ilipochongwa. Lakini kila lita ya petroli anayoinunua imekwisha katwa tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 Bunge likaongeza shilingi 100 nyingine kwa kila lita, kwa ajili ya njia za vijijini na mijini. Mtu huyu, ambaye amekimbilia ziwani kwa sababu nchi kavu haina njia, huilipia njia hiyo kila usiku anapokwenda kuvua. Hatusemi kwamba asilipe. Tunasema kwamba mtu anayelipa namna hii, angalau angepewa mlango wa kugonga.

Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba mto huu una taarikh ya mambo ya ada. Misafara ya wazee wetu iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa lazima ivuke Malagarasi, huko juu upande wa Uvinza, na mwenye nchi alitoza hongo kwa kila mvukaji. Stanley alipokuwa akimwendea Livingstone mwaka 1871 alilalamika sana juu ya hongo hiyo. Zamani hizo neno hongo halikuwa neno la aibu. Lilikuwa na maana ya ada ya wazi: mtoaji alijua kiasi, alimjua mpokeaji, na ngalawa ikimzamisha alijua nani wa kumdai. Leo neno lile lile lina maana ya rushwa. Wanaopenda lugha watatueleza lini lilibadilika. Sisi tunaona tu kwamba lilibadilika pale kulipa kulipoacha kuwa jambo la hadharani.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunadai jambo jipya. Tanganyika ilikuwa na halmashauri za wilaya tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1972 Serikali ikazivunja, ikaleta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri: madaraka yanatoka Dar es Salaam yanakwenda mikoani. Na kweli yalikwenda, lakini yalibebwa na maafisa, yakafika mikononi mwa maafisa, na mwananchi akabaki pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa hakuwa tena na diwani wa kumnung'unikia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, zilitungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikarudi. Katiba nayo ikatiwa ibara ya 145 na ya 146, zinazosema wazi kwamba makusudi ya serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye ndiye aliyezivunja, alikiri mwaka 1984 kwamba lau angeanza upya, kuzivunja serikali za mitaa ni katika mambo ambayo asingeyafanya. Huo ni ungwana, na ni wachache katika watawala wanaoufikia. Lakini kosa likikiriwa na mkuu halafu likarudiwa na wadogo zake kidogo kidogo, kukiri kwake kumetufaa nini?

Maana limerudiwa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo iliondolewa. Mlipaji alishukuru, na halmashauri ikapoteza fedha iliyokuwa ikiikusanya yenyewe. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 barabara zikaondolewa kwa halmashauri, zikapewa wakala. Na muda wote huo mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika kalamu ya kutia sahihi malipo, ameteuliwa na Serikali Kuu, si na madiwani. Hakuna sheria hata moja katika hizi iliyosema kwamba serikali za mitaa zimevunjwa. Zipo, zina majengo yao na mihuri yao, zinakaa vikao vyao na kufungua kwa dua.

Hapa wapinzani wa hoja yetu watasimama, na ni haki tuwasikilize, kwa kuwa hoja yao ina uzito. Watasema: halmashauri hizo hizo zilikuwa na fedha ya barabara kabla ya mwaka 2017. Zilikuwa zikipata 30 katika kila shilingi 100 za Mfuko wa Barabara. Zilizifanyia nini? Makandarasi walikuwa ni ndugu na marafiki, kifusi kilimwagwa mwezi wa masika kikachukuliwa na mvua ya kwanza, na fedha ya njia ikalipa posho za vikao. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa kitabu kizima juu ya hesabu za serikali za mitaa, na hakijawa kitabu cha kufurahisha hata mwaka mmoja. Wahandisi ni wachache. Yafaa wawekwe pamoja, si kutawanywa katika wilaya kila mmoja akawa mtumwa wa diwani mwenye sauti kubwa.

Tunakubali karibu yote. Halmashauri ziliiba, na wezi wengine walikuwa ni wa kuchaguliwa. Anayetaka tuseme kwamba mtu wa karibu ni mwaminifu kwa sababu ni wa karibu, hatuna la kumpa. Lakini na tuulize ziliwezaje kuiba, maana dawa hutegemea jibu la swali hilo. Je, waliiba kwa sababu walikuwa wilayani? Au waliiba kwa sababu mtu wa Ilagala hakupata kujua kwamba kwa njia yake zimeletwa fedha kiasi gani, mwezi gani, na amepewa nani? Ikiwa sababu ni ya kwanza, basi ni sawa kuzipandisha fedha juu. Ikiwa ni ya pili, basi kuzipandisha juu kumemwondolea mwananchi hata ule uvumi alioupata zamani kwa kinyozi.

Jirani zetu wa Uganda walilipata jibu kwa njia ya uchungu. Watafiti walifuata fedha za ruzuku za shule za msingi kutoka Hazina mpaka mlangoni pa shule, wakaona kwamba katika miaka ya 1991 hadi 1995, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotumwa ni 13 tu zilizofika. Nyingine zilipotea njiani, wilayani. Serikali ya Uganda ingaliweza kusema: wilaya ni wezi, tuunde wakala. Ilifanya jambo jingine rahisi. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na ikaamuru kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Kufika mwaka 2001 zilizokuwa zikifika zilikuwa zaidi ya 80 katika kila 100. Wako wanaosema kwamba mageuzi mengine pia yalisaidia, nasi hatuwapingi. Lakini hapana asiyekubali kwamba karatasi ile ukutani ilifanya kazi yake.

Na tutazame vema kwa nini ilifanya kazi, kwa sababu wengi huishia kusema "uwazi" wakadhani wamemaliza. Mzazi alisoma karatasi, akageuka, na mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale. Kiasi kilikuwa ukutani na mwenye kuulizwa alikuwa mlangoni. Sasa chukua karatasi ile uibandike Ilagala penye kivuko: kwamba kwa matengenezo ya kivuko na ya njia zimetengwa fedha kadhaa. Msomaji atasoma, atageuka, na mbele yake ataona maji ya Malagarasi. Mwenye kuulizwa yuko mbali, naye anaulizwa na mwingine. Ndiyo maana sisi hatuombi karatasi peke yake, wala hatuombi fedha peke yake. Halmashauri yenye fedha isiyo na karatasi ndiyo ile ya kabla ya 2017, na karatasi isiyo na mwenye kuulizwa ni mapambo ya ukuta.

Kenya nao, kwa Katiba ya mwaka 2010, walichukua njia ndefu zaidi: kaunti 47, na sharti kwamba fedha zinazopelekwa kwao zisipungue 15 katika kila 100 za mapato ya taifa yanayogawanywa. Wizi haukuisha, katika kaunti nyingine ulipata nyumba mpya. Lakini liko jambo lililotokea Kiambu ambalo hatujaliona likitokea kwa wakala. Gavana aliandamwa na mashtaka yaliyohusu zabuni za barabara. Mwezi wa Disemba 2019 baraza la kaunti yake mwenyewe likapiga kura ya kumwondoa, na mwezi wa Januari 2020 Seneti ikaithibitisha. Watu aliokuwa akiwajengea barabara, au kutowajengea, ndio waliochagua wale waliomwondoa. Meneja wa TARURA wa wilaya huja katika baraza la madiwani na kueleza mipango yake, na wako walio wema wanaoeleza vizuri. Lakini kueleza ni adabu tu. Madiwani wakichukizwa na maelezo yake watafanya nini? Wataandika katika muhtasari.

Yako mengine ya kusemwa kwa haki. TARURA imekabidhiwa mzigo usiolingana na posho. Barabara zake ni zaidi ya kilomita 144,000, na za TANROADS ni kiasi cha robo ya hizo. Na hata hivyo mgao wa Mfuko ulianza vile vile, 70 kwa barabara kuu na za mikoa na 30 kwa nyingine zote, mpaka ilipokuja nyongeza ya mwaka 2021. Mhandisi anayepewa njia nyingi na fedha haba, lazima achague njia ipi ife. Na uchaguzi huo, wa njia ipi ife, si wa uhandisi hata kidogo. Ni wa siasa kamili, na wa kuufanya ni watu watakaorudi kuishi kando ya njia iliyokufa. Mhandisi atuambie daraja litahimili tani ngapi. Kwamba daraja lijengwe kwanza penye zahanati au penye shamba la mkubwa, hilo na waamue waliochaguliwa, mchana, mbele za watu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kivuko kikubwa kipewe kijiji, wala kwamba barabara ya Kalya ichongwe na wilaya peke yake. Iko mizigo isiyobebeka na mmoja. Daraja la Kikwete, lililojengwa juu ya mto huu huu huko Uvinza, lilihitaji mkopo wa Korea ya Kusini. Tunalolisema ni la njia za vijijini. Fedha zake zipitishwe kwa kura ya madiwani. Wahandisi wabaki wa taifa kwa mishahara na kwa ujuzi, lakini kazi waipokee kwa baraza na hesabu wairudishe kwa baraza. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka mkutano wa kijiji ambamo njia inapita umesomewa mkataba: urefu, kifusi, makaravati, bei. Na mkurugenzi anayetia sahihi, madiwani wawe na kauli juu ya kubaki kwake.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba anayeuliza hili linamhusu nini, na atazame kwao. Wa bara angalau humchagua mwenyekiti wa kijiji. Sheha wetu huteuliwa. Sisi nasi tunayo Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 2014, na mwaka 2017 tuliambiwa kwamba elimu ya msingi, afya ya msingi na kilimo vinagatuliwa. Ni nani katika shehia yako, ndugu msomaji, aliyepata kusomewa kiasi cha fedha kilichogatuliwa kwa ajili ya skuli yenu? Ikiwa yuko, atuandikie, tutaichapa barua yake ukurasa wa kwanza.

Na watu wa Ilagala, ambao pengine karatasi hii itawafikia kwa mkono wa baharia au mfanya biashara ya dagaa, tunawakumbusha kwamba sheria imewapa kitu kimoja ambacho hakijaondolewa. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa humo. Mkutano huo hauna mamlaka juu ya TARURA, wala TANROADS, wala TEMESA. Lakini unaweza kuandika, kwa jina la kijiji na kwa muhuri wa kijiji, barua tatu za mstari mmoja mmoja: mwaka huu wa fedha, kwa njia hii, kwa barabara hii, kwa kivuko hiki, zimetengwa shilingi ngapi, zimefika ngapi, na amelipwa nani? Barua zisomwe mkutanoni kabla ya kupelekwa. Nakala zibandikwe penye kivuko, ambapo kila mtu husimama akingoja. Na pembeni ya kila nakala iachwe nafasi tupu, yenye ukubwa wa karatasi nzima, ya kubandikia jibu. Na tarehe ya kupeleka iandikwe juu yake kwa herufi kubwa, ili kila anayevuka ahesabu siku.